Grinkadi au uraia wa Marekani? Dada anasubiri jibu

Dada angu yuko Houston mwaka wa saba sasa, ana grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, na kila akipiga simu huku Mbagala swali ni lilelile, abaki nayo au akafanye mtihani wa uraia?

Grinkadi raha yake kubwa ni moja, unabaki Mtanzania. Kazi unafanya, shule unasoma, kadi unarinyuu kila miaka 10 basi. Ila kura ya urais hupigi, na ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi unaweza kuipoteza, sasa mama akiugua na dada akataka kuja kumuuguza miezi 14 inakuaje? Na ukikutwa na kosa zito wanakurudisha, kadi haikukingi.

Uraia unaombwa baada ya miaka 5, au 3 kama umeolewa na raia na mnaishi pamoja. Mtihani wenyewe usikutishe, maswali ya historia na serikali yao wanauliza kwa mdomo, na Kiingereza kidogo cha kusoma na kuandika, ukifeli unarudia.

Kasheshe iko huku nyumbani. Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, ukishaapa kule huku umetoka, na asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Na dada kiwanja chake cha Kigamboni kakilipia kwa zamu za usiku jamani!

Mi nimemwambia abaki na grinkadi kwanza. Mama yeye anataka achukue uraia, ili aje akae naye hata miaka miwili bila kuhesabu siku za grinkadi.