TAHADHARI: Fundi anayekulipisha "kufufua" faili ambazo hazijafa

Watu wangu wa Nairobi, hasa nyinyi mnaobeba kazi ya ofisi, ya shule au ya chama ndani ya flashi, nisikizeni kidogo. Nimelipa shilingi 5,500 kurudishiwa vitu ambavyo havikuwa vimeenda popote, na aliyenilipisha bado anapokea wateja.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani Umoja. Daftari tuliliacha zamani. Michango, mikopo, faini za kuchelewa mkutano, nakala za vitambulisho, yote yako kwenye folda moja. Januari nilienda saiba kuchapisha hesabu za mwisho wa mwaka. Nilipofika nyumbani na kuchomeka flashi kwenye laptopu, folda zangu zote zilikuwa zimegeuka vialama vyenye kimshale kidogo pembeni. Nikafungua kimoja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Kesho yake nikapanda matatu hadi mjini, kwa fundi niliyeelekezwa karibu na barabara ya Luthuli, kijibanda cha vioo ghorofani. Akachomeka flashi, akaguna, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hii virusi imekula kila kitu. Lazima nizifufue moja moja. Elfu tatu na mia tano, uniachie mpaka kesho."

Niliuliza kama naweza kukaa nitazame. Akasema mashine inafanya kazi usiku kucha. Nikatuma pesa kwa namba yake mwenyewe, wala si till ya biashara, na risiti sikupewa. Kesho yake faili zote zilikuwepo, hata moja haikupungua, nami nikamshukuru na kumtakia baraka.

Mwezi wa tatu nikampelekea laptopu aipige vumbi kwa sababu ilikuwa ikichemka. Iliporudi, folda ya CHAMA haikuwepo. Folda ya picha za harusi ya binti yangu haikuwepo pia. Nilipompigia simu akasema diski ya laptopu imeanza kufa, na kufufua safari hii ni elfu tano, nitangulize elfu mbili. Nikatanguliza. Namshukuru Mungu kwamba mtoto wa dada yangu alipita nyumbani jioni hiyo kabla sijairudisha mjini.

Kijana hakufungua kitu chochote cha ajabu. Aliuliza swali moja tu: "Aunty, nafasi iliyojaa kwenye diski imepungua?" Haikuwa imepungua. Kitu kikifutwa kabisa, nafasi yake hurudi. Kama gigabaiti zilizotumika ni zilezile na folda huioni, basi huenda iko palepale, imefunikwa tu. Hata kwenye flashi unaweza kuangalia hivyo: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua "Properties", utaona duara linaloonyesha kilichojaa na kilichobaki. Hiyo pekee ingeniokolea pesa zangu.

Kati ya alama ambazo Windows huweza kubandika kwenye faili, mbili ndizo zinazotuhusu hapa: ya kufichwa, na ya kuwa mali ya mfumo. Ya kwanza ni rahisi. Ukifungua File Explorer ukaenda "View", kisha "Show" kwa walio na Windows 11, ukaweka tiki kwenye "Hidden items", faili hujitokeza zikiwa na rangi iliyofifia. Lakini anayetaka kukuchezea hubandika zote mbili, na hapo hiyo tiki haisaidii. Mpaka uingie kwenye "Folder Options", upande wa "View", uondoe tiki kwenye "Hide protected operating system files". Kompyuta itakuonya, kubali, halafu ukimaliza irudishe tiki mahali pake.

Virusi vya flashi hufanya jambo lilelile. Huficha folda zako halisi, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibonyeza kimshale, unaviamsha virusi, na saa hiyohiyo folda yako inafunguka ili usishuku kitu. Ndiyo maana laptopu yangu iliambukizwa siku ileile.

Kuzitoa mafichoni ni amri moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, lifunguke dirisha la kuandikia amri. Kama flashi yako inaonekana kama E, anza na:

dir /a E:\

Hii haibadilishi chochote, inaorodhesha tu kila kilichomo, kilichofichwa na kisichofichwa. Ukishaona vitu vyako, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Basi. Huo ndio usiku kucha niliolipia 3,500. Angalia herufi ya flashi vizuri, na amri hiyo usiipige kwenye C nzima. Humo kuna faili ambazo Windows imezificha kwa sababu nzuri, usije ukazifuta ukidhani ni takataka. Kwa folda iliyo ndani ya laptopu, itaje hiyo folda peke yake. Na kabla ya yote hayo, safisha laptopu yenyewe kwa Windows Security iliyokuja nayo, la sivyo flashi itachafuka tena dakika ileile. Kuona vilivyofichwa, wenye Mac wanabonyeza Command, Shift na nukta. Wa Linux, Ctrl na H.

Kuna mchezo mwingine wa mafundi wa namna hii ambao nimeusikia kwa wenzangu wawili. Anakuonyesha faili iitwayo hiberfil.sys au pagefile.sys, gigabaiti kadhaa, imefichwa, anasema, "Unaona? Hii ndiyo inakula mashine." Hizo si virusi. Ya kwanza huhifadhi kazi yako kompyuta inapolala usingizi mzito, ya pili husaidia kumbukumbu ikijaa. Usimlipe mtu kuziua.

Mtauliza najuaje kwamba ni yeye aliyeficha folda zangu mara ya pili. Mahakamani siwezi kuapa. Lakini safari hii laptopu ilikaguliwa ikakutwa safi, hakukuwa na vimshale hata kimoja, na kati ya folda zaidi ya ishirini, zilizofichwa ni mbili tu: hesabu za chama na picha za harusi. Virusi havijui ni kipi mama atalia akikikosa.

Kinachoninyima usingizi si pesa. Flashi ililala kwake usiku mzima ikiwa na vitambulisho vya wanawake kumi na wanane. Nimewaambia kwenye mkutano, kwa aibu, na tumekubaliana kuandika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wa chama. Kuvuruga data ya mtu bila ruhusa nako kumetajwa kwenye sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, kwa hivyo kama nawe limekukuta, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu yote.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Faili iliyofutwa kweli inahitaji ujuzi, na ikikutokea acha mara moja kuandika kitu kingine kwenye hiyo diski, maana kipya hukalia mahali pa cha zamani. Lakini fundi wa kweli atageuza kioo ukione. Wangu nilipompigia kudai elfu mbili zangu, akaniambia, "Mama, hiyo ilikuwa ya kuangalia." Jana amenitumia ujumbe WhatsApp, anauliza servisi ya laptopu naleta lini.