Olana, nyumba ya Frederic Edwin Church: anza na kilima, ndani baadaye

Anayekwenda Olana kutafuta picha kubwa zilizompa jina Church, mchoraji Mmarekani wa karne ya 19, ataondoka akinung'unika. "Niagara" (1857) iko Washington, "The Heart of the Andes" (1859) iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, "The Icebergs" iko Dallas. Kilichobaki hapa, kusini ya mji wa Hudson katika jimbo la New York, ni kazi iliyomshughulisha karibu miaka 40: nyumba yenyewe na ekari 250 za kilima.

Basi anza nje. Uwanjani hakuna kiingilio. Church alisomeshwa uchoraji na Thomas Cole ng'ambo ya Mto Hudson, mjini Catskill, kuanzia 1844. Mwaka 1860 alinunua shamba hapa, akapanda miti kwa maelfu, akachimba ziwa, kisha akakata kama kilomita 8 za njia za magari ya farasi. Njia hizo zinakuzibia macho kwa miti makusudi, halafu kona moja tu, Mto Hudson wote uko mbele yako. Ukipanda na gari moja kwa moja hadi kileleni, ufundi huo unakupita. Alasiri ndiyo bora, kwa kuwa jua hutua nyuma ya milima ya Catskill.

Ndani kwa kawaida huingii bila kiongozi, na nafasi ni chache. Kata tiketi mapema, hasa Oktoba majani yanapogeuka rangi. Nyumba ilianza kujengwa 1870, baada ya safari yake ya Mashariki ya Kati, kwa ushauri wa msanifu Calvert Vaux. Tazama dirisha la rangi ya kaharabu: nakshi zile ni karatasi iliyokatwa ikabanwa kati ya vioo. Ujanja wa bei rahisi, lakini unadanganya jicho vizuri. Sebuleni, juu ya meko, ipo picha "El Khasné, Petra" (1874), aliyomchorea mkewe Isabel. Vyumba vimesheheni vitu na ziara haikusubiri, kwa hiyo chagua mapema cha kukikazia macho.

Studio iliongezwa 1888–1891, wakati baridi yabisi imeshamharibu Church mkono wa kulia, naye akajizoeza kuchora kwa wa kushoto.

Treni kutoka New York inafika Hudson, ila kutoka kituoni utahitaji teksi. Ukibaki na muda, nyumba ya Cole iko upande wa pili wa daraja la Rip Van Winkle, na daraja lina njia ya waendao kwa miguu.