Miezi mitano na laptopu ya ThinkPad P53 ya mtumba: maoni ya mpima ardhi wa Tanga

Nilikwenda dukani Ngamiani saa nne asubuhi na diski ya nje mkobani. Ndani ya diski mna picha 386 za droni, shamba la mkonge upande wa Pongwe, kila picha megapikseli 20, na kazi yangu ni kuziunga ziwe ramani moja. Nikamwambia kijana wa duka, "Mdogo wangu, leo sinunui kwa macho. Nitakaa hapa saa nzima na nusu, mashine yako ifanye kazi yangu mbele yangu. Umeme nitakulipia."

Akacheka. "Kaa tu dada, umeme gani huo wa kulipia. Ila kiti changu ni kimoja."

Nikakaa juu ya boksi la printa.

Ukali huo sikuzaliwa nao. Mwaka juzi, duka jingine kabisa hapa hapa mjini, niliuziwa laptopu nyembamba, nzuri, inang'aa kama sahani ya arusi. Nilimuuliza muuzaji kadi ya grafiki ina kumbukumbu kiasi gani, akafungua dirisha moja la Windows akanionyesha kwa kidole: GB 8 na ushee. Mimi nikaamini. Nimefika nyumbani nikaipa picha mia mbili tu, usiku kucha inahema, alfajiri nakuta programu imejifunga yenyewe. Ndipo mwenzangu mmoja wa kazini aliponifungua macho. Mashine ile haikuwa na kadi ya peke yake hata kidogo. Ilikuwa na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, yenye MB 128 zake, na zile GB 8 zilizobaki ni za kuazima kutoka kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya mashine nzima. Dirisha alilonionyesha linajumlisha vyote viwili na kuandika jumla. Muuzaji hakusema uongo, tarakimu ilikuwapo. Lakini nguo ya kuazima, wahenga wameshasema, haisitiri.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya pale Ngamiani ni kufungua meneja wa kazi wa Windows (Task Manager), ukurasa wa utendaji (Performance), nikabofya kadi. Pale chini huandikwa mistari miwili tofauti: kumbukumbu ya kadi yenyewe, na kumbukumbu ya kuazima. Soma ule wa kwanza tu. Huo wa pili usiuangalie hata kwa bahati mbaya.

Mezani palikuwa na mashine tatu. ThinkPad P52 ya 2018 yenye kadi ya grafiki ya Quadro P2000, milioni moja na nusu. ThinkPad P53 ya 2019 yenye Quadro T2000, aliitaja 2,300,000 tukaishia 2,150,000. Na P53 nyingine yenye Quadro RTX 3000, 2,900,000, hiyo hataki kushusha hata mia.

Nikiri kwamba roho yangu iliipenda ile ya milioni moja na nusu. P2000 ni jina nililokuwa nalisikia kwa wachoraji wa Dar es Salaam, wote wakiisifu. Kumbe wanaisifu ile ya kompyuta ya mezani, ambayo ina koa 1,024 za CUDA (viini vya kukokotoa vya kadi za Nvidia) na GB 5 za kumbukumbu. Ya kwenye laptopu imepewa jina lilelile lakini ina koa 768 na GB 4. Majina ya kadi hizi ni kama majina ya watoto wa Kiswahili: Mwanaidi wa barabara ya tano si Mwanaidi wa barabara ya kumi na tisa, uliza ukoo kwanza. Hata katika laptopu zenyewe, T2000 ipo ya kawaida na ipo ile ya Max-Q iliyobanwa wati ili iingie kwenye mashine nyembamba. Kibandiko hakikwambii tofauti hiyo.

Kilichoniondoa kwenye P52 hasa si koa, ni umri. P2000 ni ya kizazi cha Pascal, na toleo la 13 la CUDA, mfumo wa Nvidia unaoziwezesha programu kukokotoa kwa kadi, lililotoka 2025, limekiacha kizazi hicho nje. Programu ninazotumia kuunga picha za droni zinaitegemea CUDA. Leo bado zinaikubali Pascal, lakini mimi nanunua mashine ya kukaa nayo miaka minne, sitaki kila toleo jipya la programu liwe mtihani. T2000 ni ya kizazi cha Turing, bado imo. Ukiwa mchoraji wa AutoCAD tupu, ramani za viwanja na basi, sahau habari hii yote, nunua P52 na chenji upeleke nyumbani. AutoCAD ya mistari hula zaidi koa moja ya prosesa, kadi karibu inakaa tu. QGIS, programu ya ramani, nayo haiitegemei sana kadi.

RTX 3000 je? Ina GB 6, ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwa tofauti ya 750,000 nilipiga hesabu ya RAM. Na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaoniuliza. Kazi ya kuunga picha za droni ina hatua kadhaa, na kila hatua ina bwana wake. Kutafuta alama zinazofanana baina ya picha na picha, kadi inasaidia. Kupanga kamera zilikuwa wapi angani, hiyo ni ya prosesa. Kukokotoa kina cha kila picha, hapo kadi inakimbia peke yake. Halafu inakuja kujenga uso wa ardhi na ramani picha, na hapo RAM ikiwa ndogo hakuna kadi duniani itakayokuokoa, programu itajifunga tu kama ile laptopu yangu inayong'aa. Kadi dhaifu inakuchelewesha, RAM pungufu inakunyima. P53 ina nafasi nne za RAM na inapanda hadi GB 128. Ile ya T2000 ilikuwa na GB 32 tayari, ya RTX 3000 ilikuwa na 16. Nikaona RTX 3000 ile nikiinunua bado nitarudi kununua RAM.

Basi tukawasha. Nilichukua picha 60 kati ya 386, nikaziingiza kwenye toleo la majaribio la Metashape, programu ya kuunga picha, ubora wa kati, nikaangalia saa ya ukutani. Dakika tano za mwanzo prosesa, i7-9850H yenye koa sita, ilijaa mistari yote kumi na miwili hadi juu (Windows huihesabu kila koa yake mara mbili). Feni zikaanza. Kijana akasema, "Dada, hiyo inaruka au?" Ilipofika hatua ya kina, prosesa ikatulia na mstari wa kadi ukapanda ukakaa kwenye asilimia tisini na kitu, haukushuka mpaka hatua ilipoisha. Huko kutokushuka ndiko nilikokuwa nakutafuta. Mashine iliyojaa vumbi au pesti yake ya kupitisha joto imekauka huanza vizuri, halafu baada ya dakika kumi mwendo unakatika, unapanda, unakatika, kama daladala lenye mafuta machafu. Dakika ishirini kasoro moja, kazi kwisha.

Wakati inakokotoa nilikuwa nimeipapasa kila mahali. Niliizima baadaye nikaiwasha kwa kubonyeza F1 kuona kama BIOS, programu ya kuwashia mashine, ina nenosiri. Mashine hizi nyingi zinatoka maofisini Ulaya, na ThinkPad iliyofungwa nenosiri la msimamizi si mchezo kuifungua. Nikaandika powercfg /batteryreport, amri ya Windows ya kuonyesha hali ya betri, kwenye dirisha jeusi. Betri ya kiwandani ni Wh 90 (saa-wati, kipimo cha ujazo wa betri), hii imebaki na 63. Hapo ndipo nilipopatia ile laki moja na nusu ya punguzo, maana kijana mwenyewe alikuwa hajui kama kuna amri hiyo. Akaomba nimwandikie kwenye karatasi.

Kitu kimoja tuligombana kidogo: chaja. Aliniletea kichaja chepesi, kinaingia, taa inawaka. Nikakigeuza mgongoni nikasoma wati. Hapana. P53 ya T2000 inataka wati 170, na hizi mashine ukizipa pungufu zinajibana mwendo ili zisife njaa. "Dada wewe mkorofi," akasema, lakini akapanda ngazi akaitafuta. Ni tofali. Chaja peke yake ina uzito wa kitabu cha hesabu.

Miezi mitano sasa.

Shamba lile la Pongwe zima, picha zote 386, limetoka kwa muda wa saa 3 na dakika 10. RAM iligusa GB 27. Mteja nilimpa ramani siku ya pili yake, na zamani ningemwomba wiki huku nikitafuta wa kuniazima kompyuta. Kibodi ni raha, ina tarakimu pembeni, na mtu anayeingiza viwianishi kutwa anajua thamani ya hilo. Kile kidude chekundu katikati ya herufi nilikicheka mwanzoni. Sasa hivi ndicho ninachotumia nikiwa ndani ya gari.

Joto ndilo neno. Tanga yetu hii Februari hata ukuta unatoka jasho, na chumba changu Chumbageni hakina kiyoyozi, kina pangaboi. Mezani, madirisha wazi, mashine ikifanya kazi nzito ilikuwa inafika nyuzi 90 na zaidi, na feni inalia hadi mwanangu anafunga mlango wa chumbani kwake. Sikununua kile kitako chenye feni za rangi rangi. Nilichukua vibao viwili vya mninga vilivyobaki kwa fundi seremala, nikaiinua nyuma upana wa vidole vitatu, pale hewa inapovutiwa. Nikapeleka pia kwa fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa na kadi, elfu thelathini. Sasa inakaa themanini na kitu. Upepo wetu una chumvi, kwa hiyo nimejiwekea kuisafisha kila baada ya miezi sita. Anayeishi Lushoto asinisikilize, huko laptopu inapozwa na ukungu.

Umeme ukizimika usitegemee muujiza. Betri ya Wh 63 kwa kuandika barua na kufungua ramani inanipa saa mbili na nusu. Kwa kazi ya kadi, dakika arobaini na tano, tena kwa mwendo wa kobe, maana ikiwa kwenye betri kadi haipewi wati zake. Umeme ukikatika katikati ya kazi mimi nasimamisha, nahifadhi, naenda kununua mihogo. Na uzito: kilo mbili na nusu, ongeza ile chaja. Mimi mtu wa baiskeli, kama nusu ya mji huu. Kutoka Chumbageni hadi Sahare nikiwa nayo mgongoni, nikifika nashuka kama nimebeba gunia la nazi.

Skrini niliyopata ni ya kawaida. Ndani ya nyumba sina neno, kivulini chini ya mwembe nayo inasomeka, juani shambani haionekani kitu. Ramani ya rangi za kuchapisha naikagua kwenye skrini nyingine.

Jirani yangu mmoja ni mbunifu wa majengo, aliiona akataka nimtafutie kama hii hii. Nilimkatalia. Yeye anatembeza wateja ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, kwa Twinmotion na Lumion, na programu hizo zinakula kumbukumbu ya kadi kama mchwa. GB 4 za T2000 zitamwaibisha mbele ya mteja. Tena T2000 haina zile sehemu maalumu za kufuata miale ya mwanga ambazo RTX inazo. Nilimwambia aende kwenye laptopu ya wacheza gemu yenye RTX 3060, GB 6. Akaniona namdharau, ati yeye msomi apewe mashine ya watoto yenye mataa. Lakini chipu za Quadro na za GeForce, kadi za wacheza gemu, ni ndugu wa tumbo moja. T2000 yangu ni chipu ileile ya GeForce GTX 1650, kinachotofautisha ni draiva zilizopimwa kwa programu za uchoraji, na jina. Kwa Twinmotion jina halimsaidii. Mwishoni alinunua, taa za kibodi kazizima zote, na mbele ya wateja haitaji ni ya aina gani.

Kilichobaki kwangu ni RAM. Nafasi mbili ziko chini ya mfuniko wa nyuma, hizo zimejaa, na mbili ziko chini ya kibodi, tupu. Nimeshanunua GB 32 nyingine, imo kabatini ndani ya pakiti yake. Za nyuma nilizifikia mwenyewe kwa bisibisi ya kawaida, lakini kutoa kibodi nimeogopa. Fundi amesema nimpelekee siku isiyo na mvua, maana anajua nitaileta kwa baiskeli.