Umeme umekatika katikati ya sasisho: dpkg au apt kwanza?

Umeme ukikatika hapa Lamu wakati Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) inajisasisha, vifurushi vya programu huweza kubaki vimefunguliwa bila kusanidiwa, na apt, zana ya kushusha na kusakinisha programu, hugoma kusakinisha chochote. Amri za kuikwamua, za kuandika kwenye terminali, ni mbili.

`sudo dpkg --configure -a` humalizia kusanidi vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa; dpkg ni zana ambayo apt huitumia kufungua na kusanidi vifurushi. Haihitaji intaneti, kwa hiyo hata bando likiwa limeisha inafanya kazi. Kifurushi tegemezi kikikosekana, hukwama na kukitaja jina.

Hapo ndipo `sudo apt --fix-broken install` inapofaa, maana hushusha kilichopungua. Hii usiiendeshe kwa pupa: huweza kupendekeza kuondoa programu ili mgongano uishe. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y. Ukiona humo programu unazozitegemea kila siku, jibu n, kisha tafuta ni kifurushi gani kinacholeta mgongano.

Anza na dpkg kila mara. Lakini kwanza kabisa angalia nafasi kwa `df -h / /boot`, kwani diski iliyojaa huziangusha amri zote mbili. Amri ikilalamika kwamba faili la kufuli, `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, limeshikiliwa na programu nyingine, usilifute kamwe. Mara nyingi ni unattended-upgrades, huduma ya kusasisha yenyewe kimyakimya, ingali kazini. Ingoje imalize.