Miaka mitatu na jarida la historia ya posta: uzoefu wangu

Maji ya uvuguvugu yalikuwa tayari kwenye bakuli. Bahasha ilitoka kwenye kasha la babu yake mama, Unguja, nami nilitaka kuilowesha nibandue stempu, kama nilivyofanya kwa nyingine zote tangu nikiwa darasa la sita. Stempu yenyewe ya India, ina kichwa cha Malkia Victoria. Kwa bei ya katalogi, yaani kitabu cha bei za stempu, haitoshi hata kikombe cha chai.

Kilichoiokoa ni jarida. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejiunga na chama cha wakusanyaji wa stempu za Afrika Mashariki kilichoko Uingereza, na toleo langu la kwanza lilikuwa mezani. Humo nikasoma kwamba posta ya Zanzibar, tangu 1875, iliendeshwa na idara ya posta ya India, na kwa miaka 20 barua za hapa zilibandikwa stempu za India zisizo na neno Zanzibar popote. Kinachothibitisha kuwa stempu imetumika hapa ni muhuri tu. Nikachukua lenzi. Muhuri wa duara, ZAN juu ya stempu, ZIBAR imeangukia kwenye karatasi. Ningeibandua, ningebaki na nusu ya jina.

Maji nikayamwaga.

Hapo ndipo jarida linapoizidi katalogi. Katalogi inakupa bei. Jarida linakueleza barua ilipitia wapi, kwa nini, na mikononi mwa nani. Novemba 1895, posta ilipotoka mikononi mwa India, stempu zilezile zilipigwa chapa ya jina Zanzibar kwenye mtambo wa gazeti la Zanzibar Gazette. Baadhi zikatoka zimeandikwa "Zanzidar". Kosa kama hilo mtu wa kawaida hulipita. Waandishi wa jarida hulikuza kwenye picha na kukuonyesha limekaa wapi na la kughushi linafananaje.

Mimi somo la kughushi lilinigharimu. Nilikuwa nimenunua kwa muuzaji mmoja stempu ya Kijerumani yenye chapa ya "G.R. Mafia" (G.R. ni Mfalme George, kwa Kilatini), zile za 1915 Waingereza walipokiteka kisiwa. Nilipoilinganisha na picha za jaridani, herufi zangu zilikuwa nene na zimepinda. Shilingi laki mbili zimekwenda. Ningelisoma kabla ya kununua!

Kasoro zipo. Kiingereza chake kizito, kimejaa vifupisho ambavyo hawavifafanui, na miezi ya kwanza nilisoma kurasa mbili kwa jioni nzima. Linaloniuma zaidi ni matarishi. Viwango vya nauli, meli na tarehe vimeandikwa kwa kina, lakini watu waliobeba mifuko ya barua kwa miguu kutoka pwani hadi bara hutajwa kwa mstari mmoja. Hilo tutaliandika sisi, maana wajukuu wao wako huku.

Kama unakusanya kwa sababu ya picha nzuri tu, nunua albamu, inatosha. Lakini kama una barua za wazee kabatini, jiunge kabla hujagusa chochote.

Nyuma ya bahasha yangu kuna muhuri mwingine, wa Bombay, siku haisomeki. Niliwapelekea picha, na mhariri akajibu kwa maswali matatu, la mwisho akiomba niipige tena mwanga ukitokea ubavuni. Kesho nitaiweka dirishani jua likichomoza.