Mafunzo ya usalama kwa mawakala, Mtwara mjini: nendeni kwa ajili ya wakili

Mawakala wa pesa wenzangu mnaoniuliza kama yale mafunzo ya nusu siku yana maana: yana maana, ila kwa sababu ya mtu mmoja tu. Kiingilio ni elfu ishirini, chai na mhogo humo humo. Kampuni ya ulinzi iliyoyaandaa sitaitaja jina.

Mkufunzi alianza vizuri: funga hesabu kabla ya giza, usipite na mkoba njia ile ile kila jioni. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, hayo ni ya kushika. Kisha akaharibu. "Jambazi akikuingilia, maliza. Sheria iko upande wako." Ukumbi mzima makofi!

Wakili, dada mmoja mpole, akaomba tuigize. Kijana wa bodaboda akawa mwizi, mama mmoja wa Tandahimba akapewa rungu la mpira. Mwizi akachomoa kisu cha plastiki, mama akampiga mkono. Kisu chini, kijana akageuka kukimbia, mama akamfuata akamshushia la pili kisogoni. Tulicheka mpaka machozi. Wakili hakucheka. "La kwanza umejilinda, mama. La pili utalieleza Mahakama Kuu."

Akatufungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Unaruhusiwa kujilinda, kumlinda mwenzio na hata mali, kwa nguvu inayohitajika tu. Kuua kunaweza kukubalika pale unapokuwa na sababu ya msingi kuhofia kifo au jeraha kubwa. Sheria imetaja pia kubakwa, kutekwa, unyang'anyi, kuvunjiwa nyumba usiku. Ukizidisha nguvu mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, na kifungo chake kinaweza kufika maisha. Na mwizi aliyekwisha kamatwa, kafungwa kamba, mtaa mzima unamtupia mawe? Hapo hakuna anayejilinda. Hapo mnazungumzia kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa. Makofi hayakusikika tena.

Kasoro: wakili kapewa muda kiduchu mwishoni, na mkufunzi akawa anamkatiza na hadithi zake za doria. Karatasi ya kuondoka nayo hakuna. Mimi ningempa yule dada asubuhi yote, rungu lingesubiri.

Nyota tatu, zote za wakili. Mkienda kaeni mbele, feni ni moja na maswali yanachukuliwa kwa walio karibu.