Waifai ya kuchangia hapa Nyegezi: nimeipima kwa kalamu

Tuko wapangaji watano nyumba moja hapa Nyegezi. Tumejiunga na waifai ya mtaani, shilingi 15,000 kila chumba kwa mwezi, laini moja ya megabiti 20 kwa wote. Tuliambiwa kila mtu atapata chake. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sikuishia kuitikia.

Usiku wa saa tatu kijana wa chumba cha uani alikuwa anashusha gemu kwa torenti, njia ya kushusha faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Sisi wanne tukaanza kushusha video ileile kwa pamoja, kila mtu akaisoma kasi yake kwa sauti. Yeye 14. Sisi 2, 2, 1, 1. Mama muuza dagaa wa chumba cha mbele akauliza, "Mwalimu, hiyo moja yangu ndiyo ya elfu kumi na tano?"

Nikatumia kanuni ya kupima usawa wa mgawo, ya Raj Jain na wenzake, ya mwaka 1984. Jumlisha kasi zote, jumla uizidishe kwa yenyewe: 20 mara 20, 400. Kisha kila kasi izidishe kwa yenyewe, jumlisha, zidisha kwa idadi ya watu: 206 mara 5, 1030. Gawanya 400 kwa 1030. Mkigawana sawasawa inatoka 1. Mmoja akibeba chote kati ya watano, 0.2. Yetu ilitoka 0.39.

Fundi alikuja siku ya nne, baada ya meseji tatu (moja ya hasira, nakiri). Kumbe ruta haikuwa inagawa kwa mtu. Kila muunganisho uligombea wenyewe, na torenti hufungua miunganisho kibao. Yaani sinia moja la ugali, sisi tunakula kwa mkono mmoja, mwenzetu ana mikono thelathini. Fundi akaipanga igawe sawa kwa kila kifaa. Tukapima tena: 5, 4, 4, 4, 3. Hiyo ni 0.98, na kijana wa uani bado anasalimia.

Sasa lawama yangu. Jumapili laini ilizorota, kila mtu akapata 1. Kwa kanuni hiyo tumepata 1 kamili, haki tupu, na hakuna video iliyofunguka! Kanuni inapima mgawo tu, ukubwa wa sinia haiuoni. Nilipopiga simu nikajibiwa "mtandao uko vizuri, dada."

Nyota tatu. Fundi peke yake ningempa tano. Ofa ya kulipia miezi mitatu nimeikataa, nimelipa mmoja.